Chapati za Maji, Sukari na Asali: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa hai. Tulianza mwaka 2015, na leo ni mwaka 2025. Risala imeshasomwa na katibu wetu, na hesabu mmezisikia, kwa hiyo hatutazirudia. Tulipopewa nafasi hii ya kusema tulikaa kikao tukaulizana, mwenyekiti azungumze nini? Wengine walisema aeleze historia. Wengine wakasema aombe pikipiki kwa mgeni rasmi. Mwisho tukakubaliana tuzungumzie chapati za maji.

Mnacheka. Chekeni tu! Lakini hapa Mbesa nani hajui kwamba kikundi hiki kimejengwa na chapati za maji na vitumbua? Wengi wetu tulipoanza tulikuwa na kikaango kimoja, ndoo moja ya rojo na benchi la kuazima. Asubuhi unakaa kando ya njia, wanapita wanafunzi, wanapita wanaokwenda hospitali, wanapita wa sokoni. Mia mbili, mia mbili, mpaka jioni unapata ya hisa. Sanduku letu lenye kufuli tatu lilijaa kwa mtindo huo. Korosho zina msimu wake, mpunga una msimu wake, lakini njaa ya asubuhi haina msimu.

Sasa chapati ya maji ni kitu gani? Ni unga, maji, chumvi kidogo, mafuta na sukari. Na anayeila anaishushia chai ya rangi yenye sukari. Wenye uwezo wanapaka na siagi ya kopo juu yake, au jemu. Mwenzetu mmoja alikuwa bingwa wa kumwagia shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji mpaka ikawa nzito kama asali, na iliki ndani. Watu walikuwa wanavuka mtaa mzima kumfuata yeye. Huyo tutamrudia, maana ndiye aliyesababisha maneno haya, na ametupa ruhusa tuyaseme mbele yake. Amekaa hapa mbele.

Tuanze na sukari yenyewe. Sisi hapa hatuna kiwanda. Sukari tunayokula inatoka mbali, Kilombero, Mtibwa, Moshi, Kagera. Kikiharibika kitu kule, au barabara, sisi ndio wa mwisho kupata na wa kwanza kulipa bei kubwa. Mwaka 2016 kikundi kilikuwa kichanga, sukari ikaadimika nchi nzima. Serikali ilitangaza bei ya shilingi 1,800 kwa kilo, lakini kuipata kwa bei hiyo huku kijijini ilikuwa kama kuokota dafu jangwani. Wauza chapati wakakaa majumbani. Ndipo tukapata akili ya kununua sukari kwa mifuko ya kilo 50, tunaiweka stoo, tunawakopesha wanachama kilo kilo, wanarudisha na faida kidogo kila Jumanne.

Mradi ule ulitunyanyua. Tusiwafiche, hakuna mradi wa kikundi uliowahi kuleta faida kama sukari. Mabati ya hiki kibanda mnachokiona yameezekwa na sukari. Kwa hiyo mtu aliposema sukari ipunguzwe, alikuwa kama anapanda juu ya kibanda na kuanza kung'oa misumari.

Mwenzetu wa shira alianza kusikia kiu mwaka 2021. Anakunywa maji, hayatoshi. Usiku anatoka nje mara nne, mara tano. Macho yakawa na ukungu. Sisi wenzake tulisema ni uchovu, wengine wakasema ni mambo ya umri, na wapo waliosema amefanyiwa kitu na mtu aliyemwonea wivu wa wateja. Mpaka alipochomwa na kijiti mguuni, kidonda kikakataa kupona, ndipo alipopimwa damu. Kisukari.

Akaambiwa apunguze sukari, ale vyakula visivyokobolewa, ameze dawa zake kwa saa zake. Na sisi wanakikundi, mwenyekiti wenu akiwa wa kwanza, tukaenda kumwona tukiwa tumebeba zawadi. Tulibeba asali mbichi ya porini, chupa kubwa ya lita moja na nusu. Tukamwambia, "Dada, sukari ni ya kiwandani, ndiyo mbaya. Hii ni asali, haidhuru. Weka kwenye chai, paka kwenye chapati, kula hata kijiko kitupu." Hatukumuuliza mganga wala muuguzi. Tulisema kwa sababu tuliwahi kusikia mtu akisema.

Alikula asali ile kwa moyo mmoja kwa sababu imetoka kwetu. Chupa ilipokwisha tukapeleka nyingine. Aliporudi kupimwa, sukari yake ya damu ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Hatusemi asali peke yake ndiyo iliyomkata vidole viwili vya mguu, kidonda kilikuwepo na kilikuwa kibaya. Lakini tulimsukuma mahali ambapo hakutakiwa kwenda. Mfuko wa jamii ulilipa gharama zake, na mfuko huohuo wa kikundi ndio ulionunua ile asali. Mkono mmoja unaumiza, mkono mwingine unalipa dawa!

Tunayasema haya hadharani kwa sababu mpaka leo tunasikia watu wakiambiana hivyohivyo kwenye misiba na kwenye harusi. Tukaomba mtaalamu wa lishe aje kutufundisha, na alikuja. Alituambia kwa Kiswahili chepesi: asali, sukari nyeupe, sukari ya kahawia, sukari guru, maji ya muwa, shira, vyote vikifika kwenye damu ni ndugu wa tumbo moja. Asali ina harufu nzuri na ina vitu vidogovidogo ambavyo sukari haina, lakini sehemu yake kubwa ni sukari. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haruhusiwi asali kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyomlegeza mwili mpaka ashindwe kupumua. Hilo la mtoto wengi wetu tulikuwa hatulijui, na tumelea watoto na wajukuu.

Msituelewe vibaya kuhusu asali. Asali ni mali ya huku kwetu. Misitu yetu ya miombo ina nyuki, na ng'ambo ya mto Ruvuma, kule Niassa, Wayao wenzetu bado wanaifuata asali kwa kuongozwa na ndege mlembe. Mwaka 2016 watafiti walitoa taarifa kwamba warina asali wa kule wana sauti yao maalumu ya kumwita yule ndege, na akiisikia hiyo nafasi ya kufikishwa kwenye nyuki inaongezeka zaidi ya mara tatu kuliko sauti nyingine. Bibi zetu walilijua bila utafiti. Basi asali iuzwe, iliwe, itupatie fedha. Ila iwe kijiko kwa asiye mgonjwa, na mwenye kisukari aihesabu kama anavyohesabu sukari.

Mtaalamu yule alitufanyisha hesabu ambayo wengine iliwanyima usingizi. Alituuliza, kilo moja ya unga mnatia sukari kiasi gani? Tukasema robo. Inatoka chapati ngapi? Ishirini na tano hivi. Akasema gramu 250 gawanya kwa 25, ni gramu 10 kila chapati. Kijiko cha chai ni gramu 4. Kwa hiyo kila chapati moja ina vijiko viwili na nusu vya sukari, kabla hujapaka kitu chochote juu. Mtu anakula tatu, ni vijiko saba na nusu. Anakunywa chai yenye vijiko vitatu. Jumla kumi na nusu, na bado ni saa moja asubuhi! Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko kumi na viwili, na ikiwezekana iwe nusu yake, yaani sita. Mteja wetu wa mia sita alikuwa anamaliza ya siku nzima pale kwenye benchi letu, na tunamwambia karibu tena.

Je, siku ile tulibadilika? Hatukubadilika. Tuseme ukweli. Tulisikiliza, tukapiga makofi, kesho yake tukatia robo kilo kama kawaida. Mteja akionja chapati haina utamu anahamia kwa jirani, na jirani si mwanakikundi. Nani yuko tayari kufilisika kwa ajili ya lishe?

Tulibadilika mwanzoni mwa mwaka 2024, na si kwa hiari. Mvua za El Niño zilijaa kwenye mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna, sukari ikapotea tena. Serikali ikatangaza bei elekezi mwezi Januari, lakini kwetu kilo ilivuka shilingi 4,000. Ramadhani ikaanza mwezi Machi na hali bado ngumu, watu wanataka futari, wanataka chapati za maji, na stoo yetu ina mifuko mitupu. Kwa hiyo mtu asije akatusifu kwamba tulianza kwa kuipenda afya. Tulianza kwa kukosa sukari.

Ni yule mwenzetu wa shira aliyetuonyesha. Yeye alikuwa ameshazoea kupikia nyumbani kwake bila sukari. Alichukua ndizi sukari zilizoiva mpaka ganda likawa na madoa meusi, zile ambazo sokoni wanazitupa kwa mbuzi, akaziponda na kuzichanganya kwenye rojo. Tulipoonja tulinyamaza. Halafu mmoja akasema, "Mbona tamu?"

Tunawapa kipimo chake, wenye kalamu waandike. Unga wa ngano robo tatu kilo, unga wa ulezi robo kilo. Ndizi sukari nane zilizoiva sana. Mayai mawili. Chumvi nusu kijiko cha chai. Iliki au mdalasini, usibanie, maana harufu inaudanganya ulimi ukadhani kuna sukari zaidi ya iliyopo. Sukari vijiko vinne tu vya chakula, badala ya robo kilo. Maji kama lita moja na nusu, unaongeza kidogokidogo mpaka rojo ianguke kwenye upawa kama maziwa mazito. Ndizi ziponde mpaka zilainike kabisa, la sivyo vibonge vinashika kwenye kikaango.

Na moto uwe mdogo. Hapo ndipo tulipoharibu. Siku ya kwanza tulipika kwa moto uleule wa zamani, chapati zikawa nyeusi nje na mbichi ndani, kwa sababu ndizi inaungua haraka. Ndoo nzima iliishia kwa kuku. Watoto wa shule wakatuita "mama chapati za wagonjwa". Wiki ya pili tukapata akili. Tulianza upya kwa kupunguza sukari polepole, konzi moja kila wiki, wala hatukumtangazia mtu. Kufika wiki ya sita mteja mmoja aliyekuwa akilalamika sana alikwenda kula chapati kwa jirani, akarudi akisema zile za kule zimezidi utamu. Ulimi unafundishika, ila usiufundishe kwa siku moja.

Ulezi usiuache. Unga mweupe mtupu wenyewe unageuka sukari mwilini haraka, hata kama hukutia chembe. Ukizidisha ulezi lakini, chapati inakatika ukiigeuza, hasa mwanzoni mkono haujazoea.

Sasa tufike kwenye cha kupaka juu, na hapa ndipo panapoleta ubishi mkubwa vikaoni. Sisi kura yetu ni karanga. Karanga hazipandishi sukari ya damu kwa kasi, zina mafuta yake na zinajenga mwili, na ukizipaka kwenye chapati zinafanya ile chapati iende taratibu tumboni. Aliyekula chapati mbili za karanga saa moja anafika saa sita hajasumbuka. Wanafunzi wenyewe wanatuambia. Unakaanga karanga kwa moto wa wastani, unapukuta maganda, unapepeta, unatwanga zikiwa bado na joto mpaka zitoe mafuta yake zenyewe. Chumvi ya kuonja tu. Husitii sukari, hutii mafuta mengine. Ukiweka kijiko kimoja cha chakula kwa chapati inatosha.

Lakini karanga zilituletea aibu, na hilo nalo tuliseme. Tulipotangaza kwamba kikundi kinanunua karanga za kusaga, zililetwa ndoo nyingi. Karanga nzuri watu waliwapelekea wachuuzi wanaotoka mjini, kwetu wakaleta zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, na wengine walikuwa wanachama kabisa. Wakajitetea, "Si zinasagwa? Nani ataona?" Kuvu wa karanga na mahindi anatoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 walifariki, na chakula kilichoshukiwa ni mahindi ya nyumbani. Sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kusaga. Kusaga kunaificha tu. Tulizikataa ndoo saba siku ile, na wapo ambao mpaka leo hawatusalimii vizuri. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba karanga zinamwagwa kwenye mkeka mbele ya wote, zinachambuliwa moja moja, na mbovu hazirudi nyumbani kwa mtu wala hazipewi kuku. Zinafukiwa.

Ufuta ni wa pili. Ukaange kidogo tu, ukiendelea unakuwa mchungu, uusage, ukitaka uchanganye na kijiko kimoja cha asali kwa kikombe kizima. Korosho zilizovunjika ni tamu kuliko zote, ila bei yake inajulikana, na mjukuu akizionja haachi. Maembe ya mwezi Desemba hayahitaji kazi, unakata vipande unaweka juu ya chapati basi. Papai hali kadhalika, na ukilikamulia ndimu linanoga zaidi. Unga wa ubuyu ukiukoroga kwenye maziwa mgando unapata kitu kizito chenye ukakasi mtamu, watoto wanakipenda kuliko jemu. Mwenye kisukari matunda anakula, ila anayapima, kipande si sinia. Na tunda ulile zima pamoja na nyuzi zake, usilikamue ukanywa maji yake ukasema umekula tunda.

Mabibo yametushinda. Tulikuwa na matumaini makubwa nayo, kwa sababu huku kwetu msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya mikorosho, au yanaishia kwenye uraka, na wote tunajua uraka unavyotusaidia majumbani. Tuliyakamua, tukachuja, tukachemsha mpaka yakawa mazito. Utamu upo, lakini yanakereketa kooni, na tukagundua kwamba maji ya tunda yakichemshwa mpaka yawe mazito ni shira nyingine tu, tumebadilisha jina. Mwenye ujuzi wa kuyatoa ukakasi aje atufundishe, chai tutampa.

Kuna vidonge na unga wa utamu usio sukari, vinaletwa na vijana wetu wanaotoka Dar es Salaam na Songea. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kwa ajili ya kupunguza uzito. Ushauri ule haukuwalenga waliokwisha kuwa na kisukari, kwa hiyo mwenye ugonjwa amwulize daktari wake. Sisi tumeshapata somo letu la kutoa ushauri tusioujua.

Sasa turudi kwenye mradi wa sukari, kwa sababu mgeni rasmi ameuliza asubuhi kwa nini gawio la mwaka huu limepungua. Sukari ilipopatikana tena, tulikaa kikao kirefu kuliko vyote katika miaka kumi. Tuliingia saa nane mchana tukatoka magharibi imeingia. Mweka hazina wetu alisema, na alisema kweli, kwamba tukiacha kukopesha sukari kikundi kitayumba, na duka la jirani litachukua wateja wote, na watu wataendelea kula sukari ileile, tofauti ni kwamba faida itakwenda kwingine. Upande wa pili walisema hatuwezi kuwa na mfuko wa kutibia kisukari na mfuko wa kuuzia sukari kwenye sanduku moja. Maneno yalikuwa makali. Wenzetu wawili walichukua hisa zao wakaondoka, na tunawasikitikia, walikuwa waanzilishi.

Tulichoamua hakikumfurahisha mtu yeyote sawasawa. Tumebaki na nusu ya mradi. Sukari inakopeshwa kilo tano kwa mwezi kwa kila muuza chapati, haizidi. Fedha iliyobaki inanunua karanga na ulezi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kuwakopesha wanachama wakati wa kiangazi. Karanga hazizunguki haraka kama sukari, hiyo ndiyo sababu ya gawio kupungua, Ndugu mgeni rasmi. Zinakaa stoo, zinahitaji kukaushwa vizuri, zinahitaji kuchambuliwa, panya wanazipenda. Mwakani tutaangalia hesabu tena. Inawezekana mweka hazina atakuwa sahihi, na akiwa sahihi tutakaa tena.

Mwenzetu wa shira ameacha shira. Anauza chapati za ndizi na karanga pale pale alipokuwa, anakaa kwenye kiti kwa sababu ya mguu, na mjukuu wake ndiye anayegeuza. Wateja wake wengine aliwapoteza kweli, wale wa shira. Kipimo chake cha mwezi uliopita amesema tusikitaje, ila amesema tuseme kwamba anapima.

Baada ya hapa kuna sinia tatu kule mezani. Ya kwanza ni chapati za zamani, zenye robo kilo, tumezipika makusudi. Ya pili ni za ndizi, zimepakwa karanga. Ya tatu ni za ndizi na maziwa ya ubuyu. Tunaomba mwanzie ya tatu, ya zamani mwishoni, halafu mtuambie wenyewe. Wenye kisukari pale pembeni kuna mtu wa kuwaelekeza kiasi.

Na wanakikundi, karanga za msimu huu tunaanza kupokea Jumanne saa tisa. Zije zikiwa na maganda yake, zimekauka. Mkeka utatandikwa hapo nje, mahali penye mwanga.